Mkate Kutoka Ng'ambo ya Barabara

Siku ya tatu tangu afike San Pedro Sula, Nohelia alikuwa bado hajamlilia mama yake.

Uchungu alikuwa nao, tena mwingi, ila uchovu ulikuwa umeuwahi. Miaka kumi na moja alikuwa Hispania akiogesha mama za watu, akiwalisha supu kwa kijiko, akiwageuza kitandani wasipate vidonda. Mama yake mwenyewe, Amparo, alifariki Jumanne moja wakati Nohelia anamkata kucha bibi mmoja wa Girona. Alipopata nafasi kwenye ndege, mazishi yalikuwa yameshapita, maana joto la San Pedro halimsubiri mtu. Alichokikuta ni sala za siku tisa, nazo zilikuwa zimefika ya sita.

Ruhusa aliyopewa kazini ilikuwa fupi. Siku nne nyumbani, ya tano arudi. Jumamosi, ndege ya saa nane mchana.

Jirani yao, mzee Tulio, ndiye aliyempokea uwanjani na gari lake bovu. Walipokaribia mtaa wao wa La Ceibita, mzee alipunguza mwendo na kumtazama kwenye kioo cha kuangalia nyuma.

"Shusha kioo, mwanangu."

"Vumbi, mzee."

"Vumbi lipo, lakini shusha. Wakuone uso. Umesahau mara hii?"

Kweli alikuwa amesahau. Aliona haya, akashusha kioo, akavua na miwani ya jua. Pale kona palikuwa na jamaa wawili wa genge linaloushika mtaa, wamekaa kwenye ukuta. Walimtazama, wakamtambua kuwa ni mtoto wa Amparo, wakageukia mambo yao. Mzee Tulio akakanyaga mafuta tena mpaka nyumbani.

Basi siku zikawa ni zilezile. Sebuleni meza yenye kitambaa cheupe, picha ya mama, mishumaa, na glasi ya maji kwa ajili ya roho yake isije ikapata kiu njiani. Saa tisa alasiri majirani wanaingia, wanasali, wanapewa kahawa na semita, ule mkate mtamu wenye ganda la sukari juu, kisha kila mtu anawahi kwake kabla giza halijaingia. Nohelia alikuwa anapitisha sinia tu, anaitikia pole, anapitisha sinia tena. Siku mbili za kwanza hata hakuonja kitu.

Siku ya tatu njaa ilimshinda. Alichukua mkate mmoja, akauinua mdomoni, mkono ukaganda hapohapo. Katikati ya ganda la sukari palikuwa na alama ya kidole gumba, imebonyezwa kabla mkate haujaingia tanurini.

Mtu mmoja tu San Pedro nzima ndiye aliyekuwa akibonyeza mkate hivyo.

Alisubiri majirani watoke. Kisha akamfuata jikoni Chepita, mdogo wa marehemu mama yake, aliyekuwa anaosha vikombe.

"Mama mdogo, huu mkate umetoka wapi?"

"Kwa Ondina."

"Ondina anauza chapati za maharage pale barabarani. Tangu lini anaoka?"

"Kula, wewe. Mkate ni mkate."

"Ni wa Ovidio huu."

Chepita alifunga bomba. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini, mdomo mkali, mgongo umeanza kupinda. Alifuta mikono yake pole pole, kidole kimoja baada ya kingine, kana kwamba vidole vyenyewe ndivyo vingemjibia.

"Anauleta kila Jumamosi," alisema. "Anamwachia Ondina, na Ondina anamletea dada. Miaka yote hiyo. Msiba ulipotokea akawa analeta kila siku."

"Mama alikuwa anapokea mkate wa mwanamume aliyeniacha uwanja wa ndege?"

"Usinipandishie sauti kwenye nyumba ya msiba."

"Sijapandisha."

"Basi usinitazame hivyo. Dada aliniapisha nisiseme, na pale alipo ananiangalia." Alielekeza kidevu kwenye ile picha sebuleni. "Kamuulize mwenyewe kesho asubuhi. Lakini kwa Ondina, palepale barabarani. Kaa, ongea, rudi. Usivuke. Usisahau kwamba yule ni mtu wa Los Laureles, na sisi wa huku na wale wa kule si watu wa kutembeleana. Tumezika vya kutosha."

* * *

Barabara kubwa iliyotenganisha La Ceibita na Los Laureles haikuwa ya mtu. Malori yalipita, mabasi yalipita, na kibanda cha Ondina kilikaa kando yake kikiwauzia watu wa pande zote mbili. Watu wa kona za huku walikula pale, na wa kona za kule walikula pale, ila kwa zamu, bila kutazamana.

Ovidio alikuwa ameshafika. Alikaa mgongo umegusa ukuta, mkono mmoja mezani na mwingine chini ya meza. Mvi zilikuwa zimemwingia pembeni mwa kichwa. Nohelia alisimama akimwangalia, na moyo wake, alioudhani umeshatulia zamani, ukamfanyia vituko. Akaukasirikia.

"Umekonda," Ovidio alisema.

"Na wewe umezeeka."

"Haya, tumeshasalimiana."

Alikaa. Ondina aliwawekea kahawa mbili, akarudi kwenye kikaango chake na kuwapa mgongo kwa makusudi.

"Pole na mama," Ovidio alisema.

"Asante kwa mkate."

Lori lilipita, meza ikatetemeka.

"Nilikusubiri mpaka wakaliita jina langu kwenye kipaza sauti," Nohelia alisema. "Mara tatu. Nilikuwa na gauni la njano, unalikumbuka? Tiketi yako na yangu zilikuwa na namba zinazofuatana. Nilikaa saa kumi na moja angani pembeni ya kiti kitupu. Sikukujia hapa kugombana, Ovidio. Kugombana kunataka nguvu, na mimi sina. Niambie tu uliogopa nini, ili nikalale."

Ovidio aliutoa mkono wa kushoto chini ya meza na kuuweka karibu na kikombe. Vidole vitatu vilikuwa vimejikunja kwa ndani na havikufunguka. Mgongo wa kiganja ulikuwa na kovu refu jeupe. Nohelia aliutazama jinsi alivyozoea kutazama miili ya wagonjwa wake, mfupa kwa mfupa, na alijua kwamba ule mkono ulivunjwa, haukuugua.

"Nilikwenda kwenu," Ovidio alisema.

"Lini?"

"Asubuhi ile. Nilikwenda kukuomba kwa mama yako. Sikutaka tuondoke kama wezi wa kuku. Nilivaa shati la marehemu baba, nikaazima gari la mjomba, lile lenye vioo vyeusi. Nilipanga nimuombe, anibariki, nije nikukute uwanjani nina jibu mfukoni. Njia nzima nilikuwa narudia maneno. 'Mama Amparo, nimekuja kwa heshima.' Nikaona limekaa vibaya. 'Mama Amparo, sina kitu ila hii mikono miwili.' Nikalipenda hilo. Nikawa nalirudia." Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Nikaingia La Ceibita vioo viko juu."

Nohelia alifumba macho. Hakuhitaji kuelezwa lililobaki. Mtoto wa San Pedro hujifunza kushusha kioo kabla hajajifunza kuendesha, na aliyekuja na gari lisiloonyesha sura amekuja kuua. Ovidio alijua hilo vizuri kuliko jina lake. Lakini siku ile alikuwa mtu anayekwenda kuomba mke.

"Jamaa wa kona yenu walinitoa nje," aliendelea. "Wakaangalia kitambulisho, wakaona anwani ya ng'ambo. Hapo hakuna cha kueleza tena. Waliniweka mkono kwenye mlango wa gari, wakaubamiza. Mama yako akatokea. Sauti yake naikumbuka, maneno siyakumbuki. Nilizinduka hospitali."

"Nilimpigia simu nilipotua Madrid. Aliniambia hapa hajafika mtu."

"Mimi ndiye niliyemwomba aseme hivyo. Nilimtuma Ondina kwake nikiwa bado kitandani. Ungejua, ungerudi. Sivyo?"

"Kwa ndege ileile."

"Basi ndiyo hivyo."

"Ndiyo hivyo nini? Mlikaa wawili mkanipangia maisha. Mimi kule najiona mwanamke aliyeachwa, kila mwanamume akinisogelea namwona mwongo, na kumbe huku watu wanapelekeana mikate." Sauti ilimkatika. Alikunywa kahawa, ingawa ilimuunguza. "Ungenitafuta baadaye."

"Nilitaka. Mwaka wa pili. Mama yako akasema umepata kazi nzuri, umetulia, unalala usingizi. Nikasema nani mimi nimtoe mtu usingizini."

"Nilikuwa silali."

"Sasa ningejuaje?"

Ondina aliweka sahani ya chapati za maharage ambayo hakuna aliyeiagiza, akaondoka. Hawakuigusa.

"Umeoa?" Nohelia aliuliza, akitazama barabara.

"Nani anataka mwokaji wa mkono mmoja anayeamka saa tisa usiku? Na wewe?"

"Nina vikongwe wanne. Wivu wao unanitosha."

Safari hii Ovidio alicheka kweli, na Nohelia akaona lile pengo la jino upande wa kulia ambalo alikuwa akiliota. Alimpenda. Alimpenda vilevile, hata zaidi, na jambo hilo lilimchosha kuliko kila kitu kwa sababu ndege ilikuwa kesho.

"Twende wote," alisema.

"Pasipoti yangu imekufa zamani. Miezi sita kupata nyingine, nikibahatika."

"Basi nibaki mpaka uipate."

"Ubaki wapi? Kwa mama yako, mimi siwezi kuingia. Kwangu, ukilala usiku mmoja tu, kwenu hutaingia tena. Utakuwa mtu wa Los Laureles. Nyumba ya mama yako utaitazama ukiwa hapa kwa Ondina, na utaona paa tu." Aliurudisha mkono chini ya meza. "Panda ndege, Nohe. Angalau safari hii unaondoka unajua. Mimi hilo linanitosha."

"Mimi halinitoshi. Na wewe hata hukuniomba. Ulikwenda kuomba, ukarudi bila kuomba."

"Maneno hayakuwahi kutoka."

"Mama angesemaje?"

Ovidio alikizungusha kikombe chake mezani.

"Sijui. Kila Jumamosi nilimfungia mkate kwenye kitambaa, na kila Jumamosi alikirudisha kimefuliwa na kupigwa pasi. Labda ilikuwa ndiyo. Labda alikuwa mtu msafi tu."

* * *

Alasiri ile walimaliza siku ya tisa. Mishumaa ilizimwa mmoja mmoja, kitambaa cheupe kikakunjwa, picha ikatolewa mezani, na sebule ikabaki sebule tu yenye viti vya kuazima. Mwanamke aliyekuwa akiongoza sala alimpa Nohelia ile glasi ya maji akayamwage nje, kama inavyompasa mtoto wa marehemu.

Alitoka uani mpaka kwenye mpera. Aliinamisha glasi, maji yakaingia ardhini mara moja, na hapo ndipo kilio kilipomshika. Alilia ameshika shina la mti, alilia kwa sauti ambayo Girona hawaijui, na Chepita aliyekuwa mlangoni hakumfuata. Alimwacha alie mpaka akaishiwa.

Asubuhi ya Jumamosi begi lilikuwa tayari kizingitini. Mzee Tulio alikuwa amewasha gari, vioo vyote vinne viko chini. Chepita alitoka ndani na kitu kidogo mkononi: kitambaa cha mistari ya bluu, kimepigwa pasi, pembe kwa pembe.

"Hiki kilibaki," alisema. "Dada alikifua Jumatatu, Jumanne akafa. Mpe Ondina ukipita pale."

"Nitampa."

"Subiri. Sijamaliza." Chepita alishika fremu ya mlango. "Yule bwana amekwambia yote?"

"Amesema mama alitokea. Maneno aliyosema hayakumbuki."

"Atayakumbukaje na alikuwa anazimia? Mimi nilikuwepo. Nilikuwa hapa hapa niliposimama, miguu imekataa. Dada alikwenda peke yake. Akapiga magoti barabarani, na magoti yake mabovu yale, akamlalia juu. Akawaambia: huyu ni mkwe wangu. Nimeshampa binti yangu. Mkimuua, mmemuua mtoto wangu, kwa hiyo anzeni na mimi." Chepita alipangusa pua kwa nyuma ya kiganja. "Wakamwacha. Wakasema apelekwe kwao na asikanyage tena huku. Ndiyo pona yake."

Nohelia alikishika kitambaa kwa mikono miwili.

"Mama alisema mkwe wangu?"

"Kwa mdomo wake."

"Na Ovidio hajui mpaka leo?"

"Atajulia wapi? Dada aliona akimwambia, atakufuata. Akikufuata, atapita njia gani na mkono ule? Alikuwa mgumu, dada. Alipenda kwa ugumu."

"Na wewe, mama mdogo, kwa nini hukusema juzi?"

"Kwa sababu nataka upande ndege. Hata sasa nataka upande. Hapa hakuna kitu cha mtu kurudia, na yule ni wa kule, sijabadilika hapo. Lakini jana nilikuona pale mperani, nikasema, hapana, nimechoka. Neno la marehemu ni zito na mimi mgongo wangu huu unauona."

Mzee Tulio alipiga honi kidogo, kwa adabu.

"Ukivuka, huku hurudi," Chepita alisema.

"Najua."

"Hata kuchukua kijiko."

"Najua, mama mdogo."

Chepita aliitengeneza kola ya blauzi ya Nohelia ambayo haikuwa na tatizo lolote.

"Mimi Jumamosi huwa napita kwa Ondina," alisema. "Mkate wangu uniletee mwenyewe. Sitaki wa kuletewa na mwingine."

* * *

Walipofika barabara kubwa, mzee Tulio aliwasha taa ya kukata kulia, kuelekea uwanja wa ndege.

"Nishushe hapa, mzee."

"Hapa? Na ndege?"

"Hapa."

Mzee aliangalia ng'ambo, akamwangalia yeye, akavuta breki ya mkono. "Kule mimi siingii, mwanangu. Nisamehe."

"Najua. Asante kwa kila kitu."

Alivuka akiburuta begi, kitambaa kiko mkononi. Gari hakuwa nalo, kioo cha kushusha hakuwa nacho, kwa hiyo alivua miwani, akavua skafu, akazifunga nywele nyuma ili uso wote uonekane. Jua lilikuwa kali. Magurudumu ya begi yalipiga kelele juu ya mawe, na mtaa mzima ulimsikia akija.

Kwenye kona ya kwanza ya Los Laureles mwanamume mmoja aliyekaa juu ya pikipiki alinyanyua kiganja. Nohelia alisimama.

"Unakwenda kwa nani, mama?"

"Kwa Ovidio mwokaji."

"Unatoka wapi?"

"Nimetoka mbali. Nimechoka."

"Sijakuuliza kama umechoka. Wewe nani yake?"

Alikuwa na majibu mengi, na yote yalikuwa salama kuliko lile lililomtoka.

"Mke wake."

Yule mtu alimtazama juu mpaka chini. "Mwokaji hana mke. Nakula mkate wake miaka yote."

"Mpigie."

Alitoa simu, akabonyeza, akaiweka sikioni. Nohelia alisimama juani ameshika mpini wa begi. Aliyakumbuka magoti mabovu ya mama yake. Ovidio hakujua lolote. Alikuwa amemwambia apande ndege, na kwa hesabu yake Nohelia alikuwa ameshafika uwanjani. Akisema sina mke, basi hapa kuna mwanamke mwongo kutoka upande wa pili, na kona hii haiwapendi waongo.

"Mwokaji," jamaa alisema kwenye simu. "Kuna mwanamke hapa ana begi na kitambaa chako cha mkate. Anasema ni mkeo. Una mke wewe?"

Yule mtu akaitazama simu kuona kama imekatika, akairudisha sikioni. Alisikiliza. Kisha uso wake ukalegea, akashusha mguu mmoja chini na kusogeza pikipiki.

"Pita, mama," alisema. "Anasema umechelewa."

Hakwenda mbali. Ovidio alikuwa ameshatoka mbio, aproni imejaa unga, kapiga breki katikati ya njia hatua tano mbele yake kama mtu anayeogopa kugusa. Alikuwa akihema.

"Ndege yako," alisema.

"Inaondoka saa nane. Kiti changu kitakuwa kitupu, na atakayekaa pembeni yake aone ilivyo." Nohelia aliweka begi chini. Akamsogelea, akauchukua ule mkono wa kushoto, na juu ya vile vidole vitatu vilivyojikunja akaweka kitambaa cha mistari ya bluu. "Ulikuja kwetu kuuliza kitu ukaondoka bila jibu. Nimekuletea. Alisema ndiyo, Ovidio. Aliwaambia siku ileile, wewe hukusikia."

Ovidio alikitazama kitambaa kilivyokunjwa, pembe kwa pembe. Alikibana kifuani kwa mkono mbovu, na kwa ule mzima akabeba begi la Nohelia, wakaingia ndani, kwa sababu mikate ilikuwa tanurini na ilikuwa Jumamosi.